Kichwa Kinapopoa: Annexe, Pori na Afya ya Akili ya Lubumbashi

Lubumbashi ina komini saba. Sita kati yake, yaani Lubumbashi yenyewe, Kampemba, Kenya, Kamalondo, Katuba na Ruashi, zimebanana katikati. Ya saba ni Annexe, nayo imezizunguka zote. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kasapa, ya Likasi au ya Kasenga, utapita Annexe kabla hujafika porini. Huko ndiko uliko uwanja wa ndege wa Luano na kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na huko ndiko mji unakomwagikia: Kasapa, Luwowoshi, Kalebuka, Kisanga, Kimbembe. Nyumba iliyosimama peke yake katikati ya majani mwaka huu, mwaka ujao ina majirani pande zote na ukuta wa matofali mbele.

Pori linasogea nyuma kadiri nyumba zinavyosogea mbele. Anayetafuta uyoga leo huenda mbali kuliko mama yake alivyokwenda. Hasara hiyo tumezoea kuipima kwa makaa, kwa mvua na kwa bei ya kuni. Mimi naipima pia kwa usingizi, kwa mawazo yasiyoisha, kwa hasira zinazolipuka nyumbani bila sababu inayoonekana. Afya ya akili ya Lubumbashi inaamuliwa kwa sehemu na watu wanaotembea Annexe wakiwa na kamba na vigingi wakipima viwanja, na hakuna anayewahesabu kuwa wahudumu wa afya.

Anayetaka kuelewa jambo hili aende Annexe mwishoni mwa Septemba. Mvua imekatika tangu Aprili. Vumbi jekundu limekaa juu ya paa na juu ya majani, na harufu ya moto wa nyasi haikosi alasiri. Halafu, kabla tone la kwanza halijaanguka, miti ya miombo inachipua. Muputu, musamba na mutondo hutoa majani mapya mekundu yenye rangi ya shaba, wakati ardhi bado ni kavu kabisa. Kwa majuma machache pori lote linawaka bila moto. Baadaye majani yanageuka kijani, na mvua za Novemba zikishika, bowa, yaani uyoga, inaanza.

Bowa ndiyo inayowatoa watu nyumbani. Akina mama na watoto huondoka na mabeseni na ndoo kungali giza, hurudi jua likiwa juu, na kando ya barabara uyoga hupangwa mafungu juu ya magunia: ule wa manjano mdogo wa kukaanga, ule mweupe, na ule mkubwa wa kwenye vichuguu ambao mmoja tu hufunika beseni. Ikifika zamu ya finkubala, wale viwavi wanaopendwa na kila meza ya Katanga, safari zinaanza tena. Mwanaekolojia Mbelgiji François Malaisse, aliyefundisha na kufanya utafiti Lubumbashi kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu vyakula vya msitu huu. Ni kitabu kinene, kwa kuwa pori hili ni ghala.

Nataka nikae kidogo kwenye namna uyoga unavyotafutwa. Mtafutaji hakimbii. Anatembea polepole macho yakiwa chini, akipitisha fimbo kwenye majani yaliyooza. Hajui atakachokiona hatua ya tatu. Anasikia wenzake upande wa pili wakiitana ili asipotee mtu, na maongezi yanakuja na kukatika yenyewe. Akiona mmoja anainama, anatazama chini ya kofia ya uyoga huo, ananusa, anajua ni wa kula au wa kuacha. Akili yake iko kazini, lakini ni kazi isiyoikaba. Ukimuuliza mama anayerudi, atakulalamikia miguu na mgongo, kisha atakuambia kwamba kule kichwa kinapoa.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, walieleza hali hiyo hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1989. Walisema uangalifu wetu una namna mbili. Upo ule wa kujilazimisha, tunaoutumia kuhesabu pesa, kupita kwenye foleni ya magari, kujibu bosi, kuwaza karo ya watoto. Huo huchoka, na ukichoka mtu hukasirika upesi, husahau, hushindwa kuamua. Na upo ule unaovutwa polepole na vitu vyenyewe: majani yanayotikisika, maji yanayopita, ndege. Huu wa pili ukishika zamu, ule wa kwanza unapumzika. Mtafuta bowa wa Annexe amekuwa akiipumzisha akili yake hivyo tangu kabla chuo kikuu hakijajengwa.

Tafiti nyingine zimeongeza nguvu. Mwaka 1984, Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 wa hospitali moja huko Pennsylvania, wote wakiwa wamepasuliwa mfuko wa nyongo. Nusu walilala kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, nusu kwenye vyumba ambavyo dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Mwaka 2015, Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatuma watu kutembea kwa dakika 90, wengine kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwanza walirudi wakisema wamepunguza kurudia-rudia mawazo mabaya juu yao wenyewe, na picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu inayohusishwa na tabia hiyo ilikuwa imetulia. Mwaka 2019, Mathew White na wenzake walitazama majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza: waliokaa penye miti, majani au maji kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki walielekea kusema wana afya njema na wameridhika na maisha kuliko wasiokwenda kabisa. Hapo pana tahadhari, maana huenda mwenye afya ndiye anayetoka nje mara nyingi. Ila matokeo ya namna tofauti, yaliyopatikana kwa njia tofauti, yanapoelekea upande mmoja, ni vigumu kuyapuuza.

Msomaji wa Katuba au Kenya ana haki ya kuniuliza: hayo ni ya watu wa magari na bustani, sisi yanatuhusu nini? Mama wa mtaa wa Kilobelobe ameinama kwenye matuta ya mboga za lengalenga tangu alfajiri, ndoo ya kumwagilia mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, anakwenda kisimani na kurudi hadi mabega yanawaka. Kumwambia aongeze dakika 120 za kukaa kwenye majani ni kumtukana.

Swali hilo ni zuri, na jibu lake liko ndani ya tafiti zenyewe. Pori halimtulizi mtu kwa sababu tu ana matope miguuni. Linatuliza pale penye usalama, pale mwili usipopigwa kupita kiasi, pale mtu anapokuwa na hiari ya kusimama na kutazama. Mlimaji mwenye deni la mbegu, asiyejua kama shamba litauzwa na mwingine kabla hajavuna, yuko kwenye majani siku nzima na mawazo yamemjaa. Kwa hiyo mwenye kuisemea afya ya akili ya watu wa Annexe aanze na hati ya ardhi.

Utafiti ninaouona uko karibu nasi zaidi ulifanyika Philadelphia, kwenye mitaa ya watu maskini yenye viwanja vilivyoachwa, vimejaa takataka na vichaka. Viwanja 541 viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi, vingine viliondolewa taka tu, vingine havikuguswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na Eugenia South alikuwa mwandishi wa kwanza. Waliokaa karibu na viwanja vilivyopandwa walipungukiwa na hisia za huzuni nzito kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na wale ambao viwanja vyao viliachwa kama vilivyo. Kuondoa taka peke yake hakukutosha kuleta badiliko hilo. Yaani kilichofanya kazi ni nyasi, miti michache na ishara kwamba kuna anayejali. Gharama yake si ya nchi tajiri.

Lubumbashi ina sababu zake za kuwa na mawazo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa vizazi kadhaa kampuni ya madini, kwanza Union Minière kisha Gécamines, ndiyo iliyokuwa baba: iliajiri, ilitoa posho ya unga, ilitibu, ilisomesha. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikusanya kumbukumbu za familia hizo, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Uzalishaji ulipoporomoka miaka ya 1990, mishahara ilikatika kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi takriban 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanamume aliyezoea kuheshimiwa kwa sababu ya mshahara alijikuta amekaa chini ya mwembe mchana kutwa huku mke akilisha nyumba kwa biashara na shamba.

Nadhani tumelisoma jambo hilo kama habari ya uchumi tu. Shamba la nje ya mji lililisha watu, ndiyo, lakini pia liliwapa wengi sababu ya kuamka. Mtu aliyepoteza king'ora cha kiwanda alipata kalenda nyingine: kulima kabla ya mvua, kupanda mvua zikishika, kupalilia, kusubiri. Aliyepata kipande cha ardhi Annexe alipata mahali ambapo juhudi yake bado ilizaa kitu anachoweza kukishika. Sidai kwamba shamba liliponya fedheha ile. Ila sijui ni wangapi tungewapoteza kama pembezoni mwa mji pasingekuwa na ardhi.

Zipo njia nyingine ambazo watu wa mji huu hulitafuta pori. Vikundi vya maombi hutoka kwenda kusali chini ya miti, na wanafunzi wa Kasapa hukariri masomo yao nje, kivulini. Wenye uwezo huenda Jumapili kwenye mashamba ya mapumziko na kando ya ziwa la Kipopo. Wasio na uwezo wana mwembe au mwavokado wa lupango, yaani wa kiwanja cha nyumbani.

Huo mti wa lupango tusiudharau. Chini yake ndipo wageni hupokelewa na kilio hukaa, na hapo ndipo kijana aliyekosea huitwa na wazee. Zimbabwe, ambako kuna miombo kama yetu, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 jambo la namna hiyo jijini Harare: aliwafundisha akina bibi wa mitaa kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, mara nyingi chini ya mti, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi ndiye dawa kuu pale, wala si mti. Lakini mazungumzo ya namna ile hayafanyiki kwenye korido yenye foleni. Yanataka kivuli, hewa na nafasi ya kutazama pembeni wakati neno gumu linatoka.

Wala nisieleweke kwamba majani yanatosha. Mtu anayesikia sauti, mwenye kifafa, aliyeacha kula kwa sababu ya huzuni, anayetamka kujiua, anahitaji daktari wa magonjwa ya akili na dawa, na anahitaji upesi. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, cha shirika la Frères de la Charité, na familia isione haya kumpeleka mtu wake kwenye kituo cha namna hiyo. Guislain mwenyewe alikuwa daktari wa Ghent, Ubelgiji, katika karne ya 19, aliyepinga wagonjwa wa akili kufungwa minyororo. Hospitali aliyoipigania, iliyofunguliwa mwaka 1857, ilijengwa pembeni ya mji ikiwa na nyua na bustani, kwa sababu aliamini hewa, mwanga na kazi ya mikono ni sehemu ya tiba. Dawa na bustani vilikaa pamoja kwenye mawazo yake, na sioni kwa nini sisi tuvitenganishe.

Sasa tuitazame hasara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepima kwa picha za setilaiti eneo linalolisha mji huu makaa: mwaka 1990 msitu wa asili ulifunika zaidi ya robo tatu yake, mwaka 2022 ulibaki karibu asilimia 40. Kila siku baiskeli zilizosheheni magunia huingia mjini, kila moja ikisukumwa na kijana asiyeweza kuipanda. Simlaumu yule kijana. Umeme unakatika, gesi ni ghali, bukari, ugali wetu, lazima iive. Mukula, mti wa mbao nyekundu, ulivunwa kwa pupa miaka ya 2010 kwa soko la China hadi wenyeji wakashangaa kwa nini mti waliouona wa kawaida unakesha kwenye malori. Kisha kuna migodi, na maji yake. Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yalifurika kwenye mitaa ya watu upande wa Annexe, na serikali ikasimamisha shughuli zake. Mtoto aliyekatazwa kugusa kijito kinachopita nyuma ya nyumba yao amepoteza kitu ambacho hakuna hesabu ya fidia inayokitaja.

Mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliwasikiliza watu wa bonde la Hunter, jimbo la New South Wales, ambao migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imegeuza nchi yao mashimo na vumbi. Hawakuhama, lakini walikuwa na uchungu wa mtu aliyehamishwa. Uchungu huo aliuita solastalgia, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2005. Nikisoma alichokiandika naona Luwowoshi, naona Ruashi, naona kila mzee anayeonyesha kwa fimbo ukuta wa kiwanda na kusema pale palikuwa na miti ya masuku.

Kuna kitu kimoja cha Annexe kinachoniuma kuliko vyote, nacho ni vichuguu. Si vile vya kimo cha goti. Vichuguu vikubwa vya nchi hii, kazi ya mchwa anayeitwa Macrotermes falciger, hufika mita nane kwenda juu, na vitako vyake hupita mita kumi upana. Juu yake huota miti isiyoota pengine, kwa sababu udongo wake ni tajiri. Wanasayansi wa Lubumbashi na Ghent walipima umri wa vichuguu vya huku kwa kaboni, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba kimoja kina zaidi ya miaka 2,000. Kilianza kujengwa kabla ya dola la Waluba, kabla ya mtu yeyote kuitaja Katanga. Watoto hupanda juu yake na kuteleza, wazee hupumzika kwenye kivuli chake. Kikikutwa kwenye kiwanja kilichouzwa, udongo wake ni mzuri kwa matofali. Kwa majuma machache kinachimbwa, kinachomwa, kinakuwa ukuta.

Hakuna sheria ya maumbile inayosema iwe hivyo. Wakati wa kupima viwanja vipya, kichuguu kimoja na miti yake vikiachwa katikati ya kila mtaa, vikabaki vya wote, mtaa umepata benchi lake, kivuli chake na mahali pa watoto. Ni eneo dogo kuliko lupango mbili. Chifu, ofisi ya komini na mwenye kuuza ardhi wanaweza kukubaliana hilo bila kusubiri mradi kutoka Kinshasa. Ukanda wa mabonde yenye maji usigawanywe kwa nyumba, ubaki wa bustani za mboga, na walimaji wake wapewe karatasi. Walinzi wa usiku tulionao kwenye maduka wanaweza kuwa na mwenzao kwenye kichuguu cha mtaa, maana mwanamke hawezi kupumzisha akili mahali anapoogopa kushambuliwa.

Na msitu uliokwisha kukatwa haujafa wote. Miti ya miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, mradi ising'olewe na moto usiiunguze mwishoni mwa kiangazi. Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, jaribio lililoanzishwa mwaka 1933 liliacha vipande vya msitu vichomwe kwa nyakati tofauti: vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka viligeuka nyasi, na vilivyolindwa dhidi ya moto vilirudi kuwa msitu. Huku kwetu, hifadhi ya Mikembo, kaskazini mashariki ya Lubumbashi, ina hekta kumi ambazo kila mti wenye unene wa kutosha umepewa namba na kupimwa na watafiti. Ujuzi wa kurudisha pori tunao, uko kwenye chuo kikuu cha barabara ya Kasapa, ndani ya Annexe yenyewe. Viwanja vingi ambavyo havijajengwa bado vina visiki vyenye uhai, na Septemba ijayo vitachipua kama hakuna aliyevichoma.